Kopo Kwenye Picha Lilikuwa Limefungwa

Nesi alikuwa anatafuta mshipa kichwani kwa mwanangu wakati simu yangu ilipolia. Ilikuwa saa sita mchana. Mikono ameshaijaribu, miguu ameshaijaribu, mishipa imejificha. Mtoto wa miezi minne, utosi umebonyea kama kisahani, midomo imekauka, analia na machozi hayatoki. Nikashika simu nikidhani ni baba yake anauliza aje na nini. Haikuwa yeye. Ilikuwa picha. Mtoto mnene amelazwa kwenye kanga ya njano, anacheka fizi tupu, mashavu kama maandazi yaliyoumuka vizuri, na pembeni yake kopo la maziwa. Chini wameandika: "Asante mama wa Tunduma kwa kutuamini. Mtoto mwenye afya, mama mwenye furaha."

Nesi akainua macho, akaiona. Akaangalia picha, akaangalia kitandani.

"Mama, si ndiye huyu?"

"Ndiye."

"Hii picha ya lini?"

"Miezi miwili iliyopita."

Akarudi kwenye kichwa cha mtoto, akaminya kwa kidole gumba, akapata mshipa.

Hiyo ndiyo siku mbaya kuliko zote nilizoishi, na nimeishi nyingi. Nimezika wazazi wote wawili, nimeunguliwa na kibanda, nimewahi kuuziwa gunia la mchele lenye mawe katikati. Lakini nakuambia mapema kwamba mtoto alipona, ili usome umetulia. Ninavyoandika hapa yuko nje anamfukuza jogoo wa jirani kwa mwiko wangu wa ugali. Kwa hiyo panapochekesha tucheke. Ila kuna mtu namdai jibu, na sijamsamehe.

Mimi nauza mchele Tunduma, karibu na mpaka. Mchele naufuata Kamsamba kule chini kwenye joto, nauleta huku juu kwenye baridi, nauza kwa sado, yaani kile kindoo kidogo kilichokuwa cha rangi ya nyumba. Wateja wangu nusu ni wa hapa, nusu wanavuka kutoka ng'ambo, Zambia. Kuna jambo moja la soko letu lazima ulijue, maana bila hilo hadithi yangu hutaielewa. Ukishampimia mteja sado yake, hujamaliza. Unachota konzi moja ya mchele unaongeza juu. Sisi tunaita nyongeza, watu wa ng'ambo wanaita mbasela. Mteja wa ng'ambo anaweza kusimama mbele yako mpaka jua litue, mkono ameunyoosha, anakuita mama kwa lugha yao: "Mayo, mbasela." Humpi, kesho anapita kama hakujui. Kuna mwenzetu mmoja alikuja na kibao cha kufutia sado ili mchele uwe sawa na mdomo. Alidumu miezi miwili, akaenda kuuza mitumba. Mpaka leo mtu bahili pale sokoni anaitwa mtu wa kibao.

Basi nilipofika miaka arobaini na tatu, damu ikakata. Nikasema sawa, duka limefungwa. Nikajinunulia godoro jipya nipumzike. Baada ya miezi minne kitu kikacheza tumboni. Nikadhani ni maharage. Maharage hayachezi kila siku saa ile ile.

Nilimwambia mume wangu jioni, akiwa ananawa. Yeye ni fundi wa matairi ya malori, yale yanayopanga foleni mpakani. Aliinua kichwa kama mtu aliyesikia tairi linapumua na hajui ni lipi kati ya kumi na nane. Halafu akasema, "Mama watoto, wewe si ulisema umefunga?"

"Nilifunga. Wewe umevunja kufuli."

Sokoni walicheka wiki nzima. Binti yangu wa kwanza ameolewa Ihanda na alikuwa na watoto wawili tayari. Kwa hiyo kitinda mimba wangu alizaliwa akiwa mjomba. Wanawake wa mchele walikuwa wanapita kwenye meza yangu wanasema, "Shikamoo mjomba," wanainamia tumbo. Nilitukanwa kwa upendo mpaka siku ya kujifungua.

Alizaliwa mzima, mzito, ana sauti. Watoto wangu wengine wanne niliwanyonyesha bila kufikiri, kama unavyopumua. Huyu naye akakamata ziwa siku ile ile. Alipofika miezi miwili alikuwa mnene mpaka mikono ina mikunjo, unaingiza kidole kumwosha. Kumbuka hapo. Mashavu yale yaliletwa na ziwa langu, hakuna kingine kilichokuwa kimeingia mdomoni mwake.

Sasa nitaje wahusika mmoja mmoja, bila majina lakini wenyewe watajijua.

Wa kwanza ni wifi yangu, dada mdogo wa mume wangu, muuza vitenge. Wifi anajua kila kitu kwa sababu amekiona kwenye simu. Mwanangu aliyeko Saza kwenye machimbo aliponitumia simu kubwa ya kupangusa, wifi ndiye aliyenifundisha. Mimi niliishia darasa la nne, kusoma nasoma, ila taratibu, kama mtu anayepepeta. Wifi akasema, "Wifi, siku hizi husomi. Watu wanaongea humu, wewe unasikiliza." Akaniingiza kwenye grupu la akina mama wenye watoto wachanga. Nakiri nililipenda. Nikiwa nanyonyesha nafungua, nasikia wanawake wa mbali wanaongelea vinyesi vya watoto wao kama vile tunaishi uwanja mmoja.

Wa pili ni simu yenyewe, au mwenye kuiendesha, simjui. Siku moja nilitafuta humo dawa ya chuchu iliyochanika. Mara moja tu. Kuanzia siku ile nikifungua niangalie wimbo, kopo. Nikifungua niangalie mahubiri, katikati ya neno, kopo. Watoto weupe, watoto weusi, wote wanene, wote wanacheka, mama zao wamevaa nguo nyeupe zisizo na doa. Mimi nikajiangalia, gauni langu lina doa la maziwa mbele na doa la matope nyuma.

Wa tatu ndiye mwenyewe. Dada wa koti jeupe. Ndiye aliyekuwa msimamizi wa grupu. Kwenye picha yake amevaa koti la daktari na kile chombo cha kusikilizia kifua amekining'iniza shingoni. Sauti yake laini, haina haraka. Watu walimwita nesi na yeye hakukataa, ila baadaye nimekaa nikakumbuka, hata siku moja hakusema mwenyewe kwamba ni nesi. Ni mjanja huyo. Alituacha tuseme sisi.

Akanifuata pembeni, nje ya grupu.

"Mamii, mtoto wetu analia mara ngapi kwa siku?"

Nikamwambia sijahesabu, analia kama watoto.

"Hiyo ni dalili, mpenzi. Maziwa hayamtoshi."

Kesho yake nikamwambia leo amelala sana. Akasema amekosa nguvu, maziwa hayamtoshi. Keshokutwa nikamwambia amecheka peke yake. Akasema kuna watoto hucheka hivyo wakichoka kulia. Leo nikikumbuka nacheka mpaka nashika ukuta. Wakati ule nilishika shavu.

Halafu akaniuliza umri. Nikamwambia arobaini na nne. Ukaja ujumbe wa sauti, unaanza na pumzi ndefu. "Mama yangu, sikufichi. Mama akivuka arobaini, maziwa yanabaki rangi tu. Virutubisho vimeondoka."

Virutubisho. Neno hilo lilinimaliza. Mtu anayejua neno refu hivyo atakosea vipi? Nilikwenda chumbani nikakamua kidogo kwenye kiganja. Yalikuwa mepesi, yana rangi kama maji ya kuoshea mchele. Na maji ya kuoshea mchele mimi humwaga. Nikasimama pale na kiganja changu, nikaona aibu mbele ya mtoto.

Akasema kopo la kwanza ni zawadi, kwa sharti moja, nimpige picha mtoto akiwa nalo. Likaja na basi, limefungwa kwenye boksi la sabuni. Wifi akaja kupiga picha. Alitandika kanga yake ya njano, akamlaza mtoto, akaweka kopo pembeni, akawa anamchezesha kwa funguo mpaka akacheka. Kopo lilikuwa na ukanda mwekundu wa plastiki kuzunguka kifuniko, ule unaoukata siku ya kufungua. Siku ile ulikuwa haujakatwa. Nilikuwa sijachemsha hata maji.

Picha ikaenda. Grupu zima likashangilia mashavu. Jioni nikakata ukanda.

Mtoto aliyapenda, sisemi uongo. Baba yake alionja kijiko akasema ni matamu kuliko ya kwenye chai, nikamkataza asirudie. Mtoto akishiba chupa analala, ziwa halitaki. Na ziwa, mimi niliyejifunza kwa machungu nakuambia, ni kama mzee wangu wa Kamsamba anayenikusanyia mchele. Wiki hii ukimwambia mzigo nitachukua nusu, wiki ijayo anakuwekea nusu. Ukimwambia sichukui, anapeleka kwa mwingine. Mwezi haukuisha, ziwa langu likalala kama soksi. Nikamwambia dada wa koti jeupe. Akasema, "Si unaona? Nilikuambia. Yalikuwa yanaisha." Kwa hiyo yeye ndiye aliyeyakausha, na kukauka kwake kukawa ushahidi wake.

Makopo mengine sikupewa zawadi. Nilinunua. Yalikuwa yanavuka mpaka kwa njia za vichochoro, na wa nne kwenye orodha yangu ni huyo mvushaji, anayejua njia zote isipokuwa ya kwenda kanisani. Maelezo ya kopo yalikuwa kwa lugha ambayo hata karani wa forodha, mteja wangu, hakuitambua, akaligeuza kopo juu chini akanirudishia. "Mama, hii hata mimi hainijui."

Nikamuuliza dada wa koti jeupe nachanganyaje. Akanitumia sauti: vijiko kadhaa kwa maji mpaka mstari fulani. Hakusema kijiko cha namna gani.

Na hapa nafika kwangu mimi, wa tano.

Mimi ni mwanamke wa soko. Nilipochota kijiko cha kwanza mkono wangu wenyewe uliongeza. Sikufikiri. Mteja mtu baki, anayenitukana bei, namwekea mbasela. Mwanangu niliyemzaa uzeeni nimpimie kwa kibao? Kila kijiko nilikijaza mpaka kikawa na mlima, na juu ya mlima nikaongeza kidogo cha mapenzi. Chupa ilikuwa nzito, inashuka taratibu kama uji wa msibani. Nikawa najisifu. Nikasema wengine wanawapa watoto maji meupe, mimi nampa maziwa.

Mtoto akaanza kulia kilio kipya. Cha kukwaruza. Choo kikawa vigololi. Nikapeleka habari.

"Hajashiba, mamii," dada akasema. "Ongeza."

Nikaongeza.

Ulikuwa msimu wa mchele mpya na lazima nishuke Kamsamba. Nikamfunga mgongoni, nikabeba kopo, chupa na chupa ya chai yenye maji ya moto. Joto la kule wanaolijua wanalijua, unatoa jasho hata kwenye kope. Nilikaa siku mbili napokea magunia. Mtoto alilia, akanyonya chupa, akalia. Mke wa mzee wangu wa mchele alikuwa anashona midomo ya magunia, akaacha sindano akatutazama.

"Mwenzangu, mbona mtoto analamba shingo yako?"

"Ananitania."

"Analamba jasho. Ana kiu huyo."

"Ana njaa, mama. Ni mlaji."

Nikamchanganyia nyingine, nzito zaidi. Yule mama akarudi kwenye gunia lake. Nimemtafuta baadaye nikamwomba radhi, akasema hata hakumbuki. Mimi nakumbuka mpaka rangi ya uzi wake.

Tulirudi Tunduma juu ya magunia. Mtoto alikuwa kimya njia nzima na mimi nikamshukuru Mungu kwa ukimya huo. Asubuhi nikamwogesha, maji yakapita kwenye utosi yakatuama pale. Ndipo nikakimbia hospitali, na mengine nimeshakusimulia.

Drip ilipoanza kushuka na mtoto akakojoa kwa mara ya kwanza, baba yake alikuwa amefika, akapiga makofi kama timu imefunga bao. Wagonjwa wengine wakageuka. Akasema, "Samahanini, amekojoa." Wodi nzima ikafurahi. Sijawahi kuona mkojo ukishangiliwa na watu kumi na wawili.

Kisha nesi akaniita mezani. Akaweka kikombe, maji, na kopo langu alilokuja nalo mume wangu. "Nionyeshe unavyomtengenezea."

Nikamwonyesha. Nilichota vizuri, kwa heshima, nikajenga mlima, nikaongeza.

Akaangalia kijiko muda mrefu. "Hiyo ya juu ni ya nini?"

"Nyongeza."

"Ya nani?"

"Ya mtoto."

Akachukua kisu cha kupakia siagi, akapitisha juu ya kijiko, mlima wote ukaanguka kwenye meza. Kilichobaki kilikuwa sawa na mdomo. "Mama," akasema, "hiki si kijiko cha sokoni. Hapa ndipo mwisho. Ukizidisha, maziwa yanakuwa mazito, yanavuta maji yote ya mwilini mwa mtoto. Ulikuwa unamkausha."

Nikaangalia ule unga kwenye meza. Nimewacheka watu wa kibao miaka ishirini, na kumbe siku moja kibao kingemwokoa mwanangu.

Nilitegemea anitukane. Hakunitukana. Aliniuliza nani aliniambia nianze maziwa ya kopo. Nikafungua simu nikamsikilizisha sauti zote, kuanzia virutubisho mpaka ongeza. Alisikiliza amefumba macho. Akasema hakuna ziwa linaloharibika kwa sababu ya miaka arobaini. Akasema kuna akina mama ambao kweli wanahitaji kopo, na hao wanaelekezwa kliniki, ana kwa ana, kijiko mkononi. Na akasema maziwa ya watoto wachanga hayaruhusiwi kutangazwa kwa wazazi, sheria ipo. Nikamuuliza, kama sheria ipo, mbona tangazo liko mfukoni kwangu? Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. "Hilo, mama, hata mimi naliuliza."

Akanirudisha kwenye ziwa. Akasema likinyonywa litarudi, ila lisikate tamaa wala mimi nisikate tamaa. Mtoto anyonye kwanza kila mara, likiwa halina kitu anyonye hivyo hivyo, kopo lije baadaye kwa kijiko cha kufuta, na lipungue kila siku chache kadiri atakavyomwona kliniki. Tulikwenda kila alipotuita.

Wiki zile zilikuwa za vichekesho. Wifi, kwa aibu yake, alikuja kila asubuhi na sufuria la uji wa ulezi. Nilikunywa uji mpaka nikitembea nasikika. Wanawake wa mchele walifungua kamati. Mmoja ananiletea karanga, mwingine supu, mwingine anakuja tu kukaa na kutazama kifua changu kama anasubiri basi. Mtoto alikuwa anavuta, anakuta patupu, ananitazama kwa jicho la mteja aliyepunjwa. Mume wangu akasema, "Mimi najaza upepo matairi ya dunia nzima, lakini hapo sina pampu."

"Nenda zako kazini."

"Nakwenda. Ila ukipata pancha niite."

Ilichukua kama wiki mbili. Asubuhi moja nikiwa napima mchele mezani, mteja wa ng'ambo amenyoosha mkono anadai mbasela yake, mtoto akalia chini ya meza kwenye kikapu, nikahisi kifua kimechoma. Nikaangalia gauni. Doa. Doa bichi, linakua. Nikaacha sado, nikaacha mteja, nikakaa juu ya gunia nikamtoa mtoto nikamnyonyesha, na nilisikia akimeza. Wenye kusikia wanaijua sauti hiyo, mafunda madogo madogo kama mtu anashuka ngazi. Nikalia. Mteja akaniuliza kulikoni, mwenzangu wa meza ya pili akamwambia, "Mama amepata mzigo." Siku ile yule mteja aliondoka na mbasela ya konzi nne, na hajui mpaka leo alifanya nini kizuri.

Kopo la mwisho nililipeleka kliniki likiwa nusu, nesi akalitumia kuwafundishia akina mama jinsi ya kufuta kijiko.

Nikasema sasa niongee. Nikaingia kwenye grupu nikarekodi sauti. Nilieleza yote, mlima wa kijiko, Kamsamba, utosi, drip. Sikumtukana mtu. Mwisho nikasema picha ya mwanangu iondolewe, kwa sababu yale mashavu si ya kopo. Akina mama wawili walijibu, mmoja akasema na wake ana choo cha vigololi. Kisha sauti yangu ikafutwa, na mimi nikatolewa. Simu iliandika tu kwamba umeondolewa, kama vile nilikuwa mchanga kwenye mchele.

Dada wa koti jeupe alinitumia neno moja la mwisho kabla hajanifungia: "Ungesoma maelekezo." Basi.

Wifi alibaki ndani ya grupu kwa sababu ni mwoga wa kutoka. Nikamwambia, "Wifi, nimekusamehe, lakini kwenye orodha upo." Akasema, "Niweke chini basi." Nikamwambia nafasi zinakwenda kwa tarehe, yeye ndiye wa kwanza.

Imepita miaka mitatu. Nilidhani yameisha. Juzi akaja binti mmoja mezani kwangu, ana tumbo la kama miezi minane, mimba ya kwanza. Kanunua sado moja, kapewa nyongeza yake. Akamtazama mwanangu aliyekuwa anakula mchele mbichi kwenye gunia langu.

"Mama, huyu mtoto nimewahi kumwona."

"Kila mtu amemwona, ni mtundu."

"Hapana, kwenye simu." Akatoa simu, akapangusa, akanionyesha. Kanga ya njano. Fizi tupu. Sasa wameongeza maneno, "Ushuhuda wa kweli kutoka Tunduma." Akasema, "Nimeshaweka oda ya kopo moja, niwe nalo tayari. Dada mmoja nesi amenishauri. Amesema wenye chuchu ndogo kama mimi maziwa hayatoki."

Miaka yangu, chuchu zake. Lazima kila mwanamke apatiwe kasoro.

Nilimkalisha juu ya gunia. Nikaivuta ile picha kwa vidole viwili mpaka kopo likajaa kioo chote. Nikamwonyesha ukanda mwekundu. "Umeuona?"

"Nimeuona."

"Umekatwa?"

Akasogeza simu karibu na macho. "Haujakatwa."

"Sasa niambie huyu mtoto ananenepaje kwa kopo ambalo halijafunguliwa."

Akacheka, na mimi nikacheka, na mtoto akacheka kwa kufuata mkumbo, mchele ukamtoka mdomoni. Kabla hajaondoka alifuta oda. Nilimwambia akiwa na shaka aende kliniki, akamwone mtu mwenye mikono anayoweza kuishika.

Lakini huyo ni mmoja, aliyebahatika kununua mchele kwenye meza yangu. Wengine wananunua wapi?

Kwa hiyo nasema na wewe, dada wa koti jeupe. Najua utasomewa haya, maana unayo masikio kila mahali. Na nasema na wenye kiwanda, mnaompa fungu lake kwa kila kopo halafu mkiulizwa mnasema hamumjui. Na wewe mvushaji, na wewe unayeendesha simu uliyeiambia dunia kwamba ziwa langu lina jeraha. Mimi wa tano nimeshajibu. Nimejibu wodini, nimejibu kwa mume wangu, nimejibu kwa yule mama wa Kamsamba. Bado ninyi.

Sitaki mnilipe. Nataka urudi kwenye grupu lile lile, kwa sauti ile ile laini, uiweke picha ya mwanangu mbele ya akina mama wote, uikuze mpaka ukanda uonekane, halafu useme mtoto huyu siku hiyo alikuwa amekula nini. Useme wewe si nesi. Kisha uifute, na kila aliyeichukua kwako aifute. Naijua meza yangu iliko na wewe unaijua, kopo lako la kwanza lilinifikia bila kupotea. Nasubiri jibu.